Kura ya Bi Shariffa Akiwa Edani

Katika mtaa wa Khuwair ya Kusini, nyuma ya maduka ya dawa na miwani, kwenye ghorofa ya pili ya jengo la rangi ya mchanga, alikaa eda Bi Shariffa binti Saeed, mjane wa marehemu Hatem, Mwenyezi Mungu amrehemu na amkunjulie kaburi lake. Alikuwa mwanamke wa miaka sabini na ushei, mzaliwa wa Unguja, aliyefika Oman angali msichana, na sehemu kubwa ya umri wake aliitumia mjini Qurayyat akiwafundisha wanawake watu wazima kusoma na kuandika. Hakuwa mtu wa kutajwa magazetini. Lakini wapo Qurayyat mpaka leo wanawake wenye wajukuu ambao kila wasomapo jina la dawa kwenye chupa humwombea dua.

Eda hiyo aliikalia Maskati, wala si Qurayyat, kwa sababu hapo ndipo alipokuwa akiishi na mumewe mauti yalipomfika. Figo za Hatem zilipochoka, mtoto wao Majid aliwahamishia wazee wake kwake ili baba awe karibu na hospitali. Na sharia inamtaka mjane akae katika nyumba ile ile aliyofiwa akiwa ndani yake mpaka muda utimie. Bi Shariffa, ambaye baba yake alikuwa akidarisisha fiqhi barazani kwake Unguja na kumwacha binti yake asikilize nyuma ya pazia, hakuwa mtu wa kubishana na sharia. Alivaa nguo nyeupe zisizo nakshi, akavua pete na bangili, akaweka mbali udi na wanja, na kizingiti cha mlango hakukivuka.

Aliyekuja kukaa naye katika eda hiyo ni wifi yake, Bi Ghaliya, dada wa marehemu. Bi Ghaliya alikuwa fundi wa kushona kofia za mkono, mwenye vidole vilivyotulia kama vya tabibu na ulimi usiotulia hata kidogo. Alimpenda wifi yake mapenzi ya kweli, na kwa mapenzi hayo hayo alimchunga. Siku ya msiba, maiti haijatoka, alikwisha kukifunika kioo cha ukumbini kwa shuka, kabati la Majid kwa kanga, na kioo cha msalani akakibandika gazeti. Kwani alivyolelewa yeye, kizuka hatazami uso wake mpaka atoke edani.

Namazzi, mwanamke wa Kiganda aliyefanya kazi ya nyumbani kwa Majid, alimsaidia kufunika huku akistaajabu kimoyomoyo. Mwisho alishindwa kujizuia.

"Mama Ghaliya, na friji je? Mbona hata yenyewe inaonyesha uso?"

Bi Ghaliya aliligeukia friji la chuma kinachong'aa, akajiona humo amekunja uso, akasema, "Lete shuka nyingine."

Wakaishi nalo hivyo hivyo. Kila aliyetaka maziwa aliinua shuka.

Katika siku za mwanzo za eda, watu walipokuwa wakimiminika kwa taazia, alikuja Shatha. Huyu alikuwa mhandisi wa barabara, binti wa jirani yao wa Qurayyat, na mama yake alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza wa Bi Shariffa. Alikaa kimya kwenye mkeka kama inavyopasa, akasoma alichosoma, na watu walipopungua akamsogelea mwalimu wa mama yake.

"Mwalimu, nna khabari nyingine, lakini si wakati wake."

"Wakati wake ni lini, mwanangu? Mie siendi pahala."

"Nimejitokeza kugombea Baraza la Manispaa, kwa wilaya yetu. Sikuja kuomba kura msibani, wallahi. Nimekwambia kwa kuwa marehemu angependa kujua. Ni kwa ajili ya kile kivuko."

Bi Shariffa hakuhitaji kuuliza kivuko gani. Mtaa wao wa Qurayyat ulitengwa na kituo cha afya na wadi, yaani bonde lililokaa kavu karibu mwaka mzima, watoto wakicheza mpira ndani yake, hadi mvua za milimani zinaposhuka likageuka mto wa matope usio na simile. Hatem alikuwa na desturi, kila mbingu ziliponuna, ya kwenda kusimama ukingoni na fimbo yake, akiwazuia wenye magari wasijitie majini. Wapo waliomtukana, na wapo waliorudi baadaye na kumbusu kichwa. Mara moja hakuweza kuzuia kitu: mwanamke mwenye uchungu wa uzazi alizuiliwa upande usiokuwa na mkunga mpaka maji yaliposhuka, na mtoto hakunusurika. Mwanamke huyo alikuwa ametoka darasani kwa Bi Shariffa juzi yake tu. Tangu hapo Hatem aliomba pajengwe daraja dogo, akaliomba kwa kila aliyekuwa tayari kumsikiliza, na akafa analiomba.

"Hukuomba kura," Bi Shariffa alimwambia Shatha, "lakini mie nimeitoa. Kura yangu unayo."

Shatha alipokwisha kuondoka, Bi Ghaliya, ambaye masikio yake yalifika mbali kuliko macho yake, alitua sindano.

"Wifi, umeahidi kitu huna. Kupiga kura ni Qurayyat, na weye umo edani Khuwair. Utatoka?"

Kauli hiyo ilimchoma Bi Shariffa. Ni kweli kwamba jina lake lilikuwa kwenye orodha ya wapiga kura wa Qurayyat. Chaguzi zilizopita, walipokwisha kuhamia Maskati, ukoo mzima ulikusanyika tangu alfajiri, magari yakafuatana kwenye njia ya milimani, wakapiga kura zao, wakala wali na samaki wa kupaka, wakarudi Maskati jioni wamechoka na kufurahi. Kura na safari vilikuwa kitu kimoja kichwani mwake. Sasa amesema neno, na neno la Muislamu ni amana. Naye amelisema kwa jina la Hatem, mtu ambaye hakupata kuahidi jambo akalivunja. Usiku ule alisali akazidisha sijida, akimwomba Mola wake amfungulie njia isiyokuwa na maasi ndani yake.

Njia ilikuja asubuhi, imebebwa na Majid pamoja na mkate wa ufuta.

"Mama, umejitaabisha bure. Hakuna tena safari ya kwenda kupiga kura. Siku hizi mtu anapiga kwenye simu, popote alipo. Kura yenyewe inakwenda Qurayyat, weye unabaki hapo hapo."

Bi Shariffa alisema Alhamdulillahi, akala mkate, na kwa wiki kadhaa moyo wake ukatulia.

Siku ya uchaguzi ilipofika, alifunga swaumu ya sunna, akaoga, akakaa kwenye kiti chake karibu na dirisha akimngoja Majid. Simu yake mwenyewe ilikuwa ya vitufe, isiyojua ila kupiga na kupokea. Simu iliyofaa ilikuwa ya Majid, na Majid alikuwa kwenye gereji yake Wadi Kabir, ameahidi kurudi baada ya alasiri. Kura ilikuwa inafungwa jioni. Mchana ule Majid alipiga ili amweleze mama yake mambo yatakavyokuwa asije akababaika, na Namazzi akaifungulia sauti simu ili bibi asikie vizuri.

"Kitu chepesi, mama. Kwanza tunaipiga picha bitaka yako, ile kadi ya kitambulisho. Halafu weye mwenyewe unautazama uso wako ndani ya simu mpaka ikutambue. Halafu tunaiweka bitaka nyuma ya simu, ikisomeka inakufungulia majina ya wagombea. Unachagua, unathibitisha, basi."

Sindano ya Bi Ghaliya ilisimama katikati ya tundu la kofia.

"Kasema nini? Autazame uso wake?"

"Ndiyo, shangazi. Kama unavyojitazama kwenye kioo."

Maskini Majid! Angalisema neno lolote jingine. Bi Ghaliya aliinuka, kofia ikamwanguka kutoka mapajani.

"Kizuka ajitazame kiooni! Nyumba nzima nimeifunika, friji nimeifunika, leo aje ajitazame kwenye simu? Na huyo anayemtazama huko ndani ni nani, mwanamume au mwanamke?"

"Hakuna mtu, shangazi. Ni mashine."

"Mashine ina macho?"

"Haina macho, ina..."

"Basi inamtambua kwa pua?"

Namazzi aliziba mdomo kwa ncha ya kilemba. Majid akasema kwamba mteja amefika, akakata simu kwa haraka ya mtu aliyeokoka.

Bi Ghaliya hakutosheka. Alitoka kwenye roshani na simu yake mwenyewe, na kwa muda mrefu alisikika akiwapigia jamaa mmoja baada ya mmoja, Sib, Ruwi na Barka, akiwauliza kama wamepata kusikia msiba kama huu, mjane wa Hatem anataka kupiga kura na eda yake, na kwa kujitazama uso! Ndani, Bi Shariffa alibaki ameshika tasbihi asiyoihesabu.

Khofu iliyomwingia haikuwa ya wifi yake. Ilikuwa ya Mungu. Je, kama Ghaliya ana haki? Ameishi miaka yote hii bila ya kuivunja mipaka. Aivunje leo kwa ajili ya daraja? Na kama hana haki, je, avunje ahadi kwa kuogopa shuka lililotundikwa juu ya friji? Ikawa kati ya madhambi na madhambi mengine, na jua linakwenda. Akafunga macho, akarudi nyuma ya lile pazia la Unguja, akaisikia sauti ya baba yake ikigawa mambo mafungu mafungu, taratibu, kama mtu anayepembua mchele: hili limekatazwa, hili limeachwa, hili watu wamelizidisha wenyewe.

Bi Ghaliya aliporudi ndani alimkuta amekaa wima.

"Kaa, wifi. Nnataka nikuulize. Mjane amekatazwa nini?"

"Unaniuliza mie? Weye ndiye mtoto wa mwanachuoni."

"Nijibu tu."

"Kujipamba. Mafuta mazuri, wanja, hina, nguo za rangi. Na kutoka bila ya haja. Na kioo."

"Mapambo, naam. Kutoka bila ya haja, naam. Kioo umekitoa wapi?"

"Kwa mama. Na mama kwa bibi."

"Mwenyezi Mungu awarehemu wote wawili. Walikizuia kwa sababu anayekaa mbele ya kioo hukaa kwa kujipamba. Ni tahadhari, na tahadhari nzuri. Lakini mtu akiingiwa na mchanga jichoni akajitazama autoe, amejipamba?"

"Hajajipamba."

"Na nkijitazama kwenye simu nipate kutambulikana, uso huu mkavu usiokuwa hata na mafuta ya nazi, nimempambia nani?"

"Haya, lakini..." Bi Ghaliya alitafuta mlango mwingine. "Lakini kura ni mambo ya nje. Mjane yuko ndani."

Hapo Bi Shariffa alitabasamu, kwa mara ya kwanza tangu mumewe azikwe. Alimkumbusha wifi yake kisa cha yule mama mdogo wa sahaba Jabir, Mungu amridhie, aliyetoka akiwa edani kwenda kukata tende zake. Mtu mmoja alimkemea, naye akamwendea Mtume, rehma na amani zimshukie, na Mtume akamruhusu akakate, kwani huenda kwa tende hizo akatoa sadaka au akatenda jambo la kheri.

"Kisa hicho nnakijua," alisema Bi Ghaliya kwa haraka. "Lakini yule alikuwa kaachwa. Hakufiwa!"

"Hapo ndipo nilipokuwa nakungoja. Alikuwa kaachwa, naam. Na aliyeachwa ndiye mwenye dhiki zaidi katika kutoka, maana wapo wanaosema matumizi yake yangali juu ya mume, haja ya kutoka hana. Aliyefiwa amelegezewa zaidi, atoke mchana kwa haja yake kisha alale kwake. Basi ikiwa yule mwenye dhiki aliruhusiwa kutoka mpaka shambani kwa tarajio la kheri, mie niliyelegezewa, nisiyetoka hata mlango huu, nnayetaka kuinua kidole tu ili mzazi asife ukingoni mwa wadi, nimekosa wapi?"

Bi Ghaliya aliinama. Akaiokota kofia yake.

"Mie sikutaka weye upate dhambi," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo.

"Nnajua, wifi yangu. Ndiyo maana nimekujibu kwa hoja, sikukujibu kwa hasira."

"Na kama nisingelinyamaza?"

"Ningalikufukuza ukakae na friji."

Namazzi alicheka mpaka akaweka sinia chini.

Majid alichelewa. Msongamano wa magari kutoka Wadi Kabir ulikuwa umefunga njia, na alipoingia, shati lake limeloa na funguo bado mkononi, jua lilikuwa limekwisha kuegemea kwenye majengo. Hakuuliza nani ameshinda katika ule ubishi. Aliwaona wote watatu wamekaa wanamngoja, akaelewa. Akaifungua ile programu ya uchaguzi, akaipiga picha bitaka mbele na nyuma, kisha akaigeuza simu na kumwelekezea mama yake.

"Sasa utazame hapa, mama. Ndani ya duara."

Bi Shariffa alitazama, na moyo ukampasuka.

Tangu siku ya msiba hakuwa ameuona uso wake. Alikuwa akiukumbuka ule aliokuwa nao Hatem alipokuwa hai, uso wa mtu anayengojwa na mtu. Huu uliomtazama sasa ulikuwa wa kikongwe mwembamba, macho yameingia ndani, na kando yake, pale ambapo katika picha zote za nyumba ile palikuwa na kilemba cha Hatem, palikuwa na ukuta. Akayateremsha macho. Simu ikatetemeka ikasema kwa Kiarabu kwamba sura haikutambulikana.

"Tena, mama."

Akatazama tena, simu ikakataa tena.

"Labda hataki Mungu," alinong'ona Bi Ghaliya, lakini safari hii hakulisema kwa kushinda. Alilisema kwa huzuni.

Namazzi alikuwa amesimama nyuma ya kiti. "Mama, hiyo nguo ya kichwani imeshuka mpaka kwenye nyusi. Picha ya kadi paji la uso linaonekana. Inatafuta hilo paji."

Ilikuwa kweli. Tangu eda ianze, Bi Ghaliya kila asubuhi alimfunga wifi yake ukaya mweupe na kuuvuta chini, chini kabisa, kwa heshima ya marehemu. Macho yote yalimgeukia. Bi Ghaliya alisimama, akamkabili wifi yake, na kwa vidole vile vilivyotulia akaurudisha ukaya nyuma mpaka kwenye mpaka wa nywele, unywele mmoja usionekane, paji lote likawa wazi.

"Utazame," alimwambia. "Uso wako mzuri, wifi. Kaka yangu hakuwa kipofu."

Bi Shariffa aliinua macho. Safari hii hakumtafuta Hatem kando yake. Alimtazama yule mwanamke aliyebaki, mwalimu wa Qurayyat, aliyesema neno na sasa analitimiza, akamtazama bila ya kupepesa mpaka duara likageuka kijani.

"Imekutambua!" alipiga kelele Majid.

"Alhamdulillahi," alisema Bi Ghaliya, kana kwamba shauri lote tangu mwanzo lilikuwa lake.

Iliyobaki ilikuwa bitaka kusomwa. Majid aliilaza mgongoni mwa simu, hakuna kitu. Akaisogeza juu, akaisogeza chini, na mikono yake, kwa pupa ya jua linalozama, ikazidi kutetemeka. Ndipo alipokumbuka kwamba simu yake imevaa kava nene lenye pete ya chuma, la watu wa gereji. Akalivua. Lakini kadi ilihitaji kutulia pahala pamoja bila ya kutikisika, na mikono ya Bi Shariffa nayo haikuwa na utulivu siku ile.

"Leteni hapa," alisema Bi Ghaliya. "Mnatetemeka kama mnaoiba."

Akaishika simu kwa mkono mmoja na bitaka kwa mwingine, kama alivyoishika kofia na sindano yake umri wake wote, akazuia hata pumzi. Simu ikatoa mlio mwembamba. Majina ya wagombea wa wilaya ya Qurayyat yakafunguka, kila mmoja na picha yake.

Bi Ghaliya alinyoosha shingo. Bi Shariffa akaifunika simu kwa kiganja.

"Tokeni."

"Hata mie niliyeshika?"

"Hasa weye uliyeshika. Kura ni siri. Nendeni jikoni."

Wakaenda jikoni wote watatu, wakasimama karibu na friji lililofunikwa, wakitazamana. Chumbani, Bi Shariffa alitamka Bismillahi, akautafuta uso wa Shatha kati ya nyuso, akauona, akauchagua. Simu ikamuuliza kama ana hakika. Katika maisha yake marefu watu wengi walimuuliza kama ana hakika, na mara nyingi alijikuta akitafuta maneno. Safari hii alibonyeza tu. Na alipobonyeza aliwaza kwamba kura hii haikupanda gari, haikupita milimani, wala haikuvuka kizingiti, na bado imefika Qurayyat kabla ya mtu yeyote wa ukoo kuwahi kufika.

"Njooni," aliita. "Kwisha."

Majid alimbusu mama yake kichwani. Namazzi alipiga kigelegele kifupi cha kwao, kisha akakumbuka yuko nyumba ya eda, akajishika mdomo.

"Samahani, mama. Nimesahau. Lakini nyie mna bahati. Sisi kwetu ukishatoka nje ya nchi kufanya kazi, kura yako imebaki uwanja wa ndege. Khalas. Mimi nikitaka kuchagua diwani lazima nipande ndege."

"Iombee nchi yako, Namazzi," alisema Bi Shariffa. "Na siku ikifunguliwa njia hiyo, nitakushikia kadi mwenyewe."

"Na hiyo mikono? Bora anishikie Mama Ghaliya."

Walikuwa wangali wanacheka simu ya Bi Ghaliya ilipolia. Alikuwa yule jamaa wa Ruwi, mjane mwenzake Bi Shariffa, aliyefiwa kabla yake kidogo na aliyeandikishwa wilaya ya mbali. Mchana alipigiwa apate kustaajabu. Badala ya kustaajabu, alikaa akafikiri. Sasa alitaka kujua jambo moja tu: je, inajuzu?

Bi Ghaliya alimtazama wifi yake. Bi Shariffa akaipokea simu, akamweleza kwa ufupi kisa cha tende na hukumu ya kioo, kama aliyekuwa akisimama tena mbele ya ubao wake. Hajamaliza, simu ya Majid nayo ikalia: bibi wa Sib aliyevunjika nyonga, kitandani tangu mwezi uliopita, aliyekwisha kukata tamaa kwa kuwa hakuna wa kumfikisha kwao. Akafuata wa Barka, ambaye hakuwa edani wala hakuwa mgonjwa, ila alikuwa na aibu ya kumwambia mwanawe kwamba hajui. Umbeya wote alioutawanya Bi Ghaliya mchana kutoka roshanini ulikuwa unarudi jioni umekuwa elimu.

Kwa kuwa maswali ya sharia yalikuwa ya Bi Shariffa, yale ya simu aliyachukua Bi Ghaliya, na sauti yake ilijaa nyumba.

"Vua kava kwanza! Kava, kava, gamba la simu! Haya. Ukaya rudisha nyuma, paji lionekane. Usitabasamu, hukuvishwa pete. Tulia. Sasa bitaka nyuma, usiisogeze... nimekwambia usiisogeze! Imelia? Basi chagua, wala usinambie umemchagua nani, hiyo siri."

Alipoiweka chini, aliingiza mkono kwenye mkoba wake, akatoa bitaka yake mwenyewe, akamsukumia Majid.

"Na mie. Upesi, jua linatua."

"Shangazi, si ulisema utampigia kura yule kijana wa ukoo wetu anayegombea?"

"Nilisema. Nendeni jikoni."

Adhana ya magharibi iliadhiniwa kura zimekwisha kufungwa. Bi Shariffa alifungua swaumu yake kwa tende na maji, na nyumba ile, iliyokuwa kimya tangu msiba, ikasaliwa jamaa, Majid mbele na wanawake nyuma, kwa nyoyo zilizokunjuka.

Kesho yake, kabla ya adhuhuri, yalitangazwa majina. Shatha alikuwa miongoni mwa waliochaguliwa wilaya ya Qurayyat, na kwa kura nyingi, si za kubahatisha. Aliposhika simu kumpigia Bi Shariffa, sauti yake ilikatikakatika kwa furaha na machozi.

"Mwalimu, sijui nikushukuru vipi. Nitakuja leo, nitakuja na halua..."

"Halua usije nayo, wageni wa eda wameleta nyingi," alisema Bi Shariffa. "Njoo na ramani ya wadi. Nikuonyeshe alipokuwa akisimama Hatem; hapo ndipo maji yanapopita kwa nguvu, na hapo nguzo ya kwanza isikae."

Akaikata simu, akaurudisha ukaya wake nyuma mpaka paji likaonekana, akamwita Namazzi amletee penseli na karatasi, aanze kuchora.